Nani Atapokea Ngozi ya Mheshimiwa

Yoakimu wa Masakta alikuwa na ng'ombe tisa zizini, na kati ya hao tisa wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, tena mzee, asiye na maziwa wala haya. Wanane waliobaki walikuwa wa watu. Usimwonee huruma. Upande ule wa Hanang mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote nyumbani kwake. Huwaweka kwa watu, mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize. Anayewekewa anakamua maziwa na kuchukua samadi, ndama anabaki kuwa wa mwenyewe. Karatasi hakuna. Kuna jina la mtu tu, na jina la Yoakimu lilikuwa safi kiasi kwamba watu walitoka mpaka Balangdalalu kumletea mitamba.

Sheria za kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na hakuwahi kuvunja hata moja. Ng'ombe wa mtu humuuzi, humchinji, hata jina humpi. Akiugua, unampelekea mwenyewe habari. Akifa, unamchuna, unaikunja ngozi, unaiweka begani na kuipeleka kwa mwenye ng'ombe. Unaitandika mbele yake, unaeleza. Yeye ataigeuza huku na huku akitafuta tundu la mkuki au alama ya kamba, atakuuliza maswali mpaka achoke yeye, kisha ataipokea kwa mikono miwili. Akishaipokea, yamekwisha. Asipoipokea, ni moja kati ya mawili: anasema umemuua ng'ombe wake, au ng'ombe hakuwa wake. Hilo la pili Yoakimu hakuwahi kuliona likitokea. Alilisikia kwa baba yake tu, na hata baba yake alilisikia kwa mtu.

Tena kuna adabu moja ambayo lazima uijue, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Anayekuja kuweka ng'ombe kwako husema, "Huyu sasa ni wako." Si wako. Yeye anajua si wako, na wewe unajua si wako. Ni adabu, kama mgeni anavyosema ameshiba. Ukilichukua neno lile kama lilivyo, watu watauliza ulilelewa wapi.

Sasa, mkoa wa Arusha ulikuwa umegawanywa, Manyara ikazaliwa, makao yake yakawekwa Babati, na kila gari lililopita Masakta miaka ile lilishusha mtu mwenye neno jipya. Neno lililovuma kuliko yote lilikuwa ugatuaji. Wananchi walipiga makofi kila lilipotajwa, kwa sababu lilikuwa refu na aliyelitaja alikuwa ametoka mbali. Maana yake, waliambiwa, ni kwamba madaraka yanashuka kutoka juu kuja chini. Wazee waliitikia kwa vichwa. Tangu wazaliwe walikuwa wameona mengi yakishuka kutoka juu, na yote yalihitaji kuchimbiwa mfereji.

Safari hii gari lilishusha dume. Lilikuwa dume la mbegu, jekundu, pana mgongoni hata ungeweza kuanika mahindi, lililoletwa kuboresha ng'ombe wa kijiji. Aliyelileta ni Kissa, mtaalamu wa mifugo wa wilaya kutoka Katesh, binti wa Tukuyu aliyetoka chuoni karibuni na ambaye, maskini, aliamini kila neno alilotumwa kulisema.

"Ndugu wananchi," alisema Kissa, "zamani dume kama hili lingekaa wilayani, na ninyi mngeandika barua kuliomba. Siku hizi mambo yamebadilika. Dume hili si la wilaya, si la mkoa. Ni lenu! Mtaamua wenyewe likae kwa nani, lipande ng'ombe wa nani, siku gani. Ni lenu kabisa."

Wazee wakatazamana kwa furaha. Kumbe Serikali nayo imelelewa vizuri.

"Umesikia?" Yoakimu alimnong'oneza mkewe, Bernadina. "Adabu zote kazimaliza, hajabakiza."

Kissa akaongeza, "Mlitunze vizuri, na kila mwezi mniletee taarifa." Basi hapo hata aliyekuwa na shaka hakubaki nayo. Mwenye ng'ombe amejulikana, na mkutano ukaamua kwa sauti moja kwamba dume la Serikali liwekwe kwa mtu mwenye jina safi kuliko wote.

Yoakimu alirudi nyumbani kifua mbele, akimtangulia mgeni wake, yule dume. Bernadina alifuata nyuma akiwaza, na Bernadina akiwaza njia nzima bila kusema, jiandae.

"Baba Tadei," alisema walipofika. "Mwenye ng'ombe huyu ni nani hasa?"

"Serikali."

"Serikali ipi? Ana nyumba? Ana mlango? Akifa huyu, ngozi utampelekea nani?"

"Hafi," alisema Yoakimu. "Mwangalie alivyo."

Mwaka mmoja na nusu Yoakimu alimfuga dume yule kuliko alivyowahi kujifuga mwenyewe. Jina hakumpa, sheria ni sheria. Majirani ndio waliomwita Mheshimiwa, kwa tabia zake. Alikula kabla ya wote. Alilala tangu saa nne mpaka saa nane. Majike walioletwa kwake walisimama foleni, naye akawatazama kwa muda mrefu kisha akageuka kutafuta kivuli. Siku akijisikia kazi aliifanya vizuri, hilo lazima lisemwe. Wa kwanza kufaidika alikuwa bibi Paskalina, mjane wa karibu miaka sabini mwenye ng'ombe mmoja tu duniani, ambaye alimpata ndama jike mwekundu, kichwa cha Mheshimiwa mtupu.

Shida ilikuwa kuamua. Mheshimiwa akivunja uzio, Yoakimu hakukata mti mpya kabla ya kumwona Evarist, mwenyekiti wa kijiji, na Evarist aliandika barua Katesh. Alikuwa na mwandiko mzuri na alipenda sababu ya kuutumia. Je, dume likatwe ncha za pembe? Barua. Je, lilale ndani wakati wa mvua? Barua. Majibu yalirudi yote yakisema neno moja: amueni wenyewe. Evarist aliyasoma, akayakunja, akatikisa kichwa.

"Wanatupima," alisema.

"Kabisa," alisema Yoakimu. "Hata Sulle alinipima hivi hivi mwaka wa kwanza aliponiwekea ng'ombe."

Kisha ikafika asubuhi moja ya masika. Mvua ilinyesha, uzio ukalegea, na Mheshimiwa akaingia kwenye ngwara za Bernadina, maharage yale ya kutambaa, zilizokuwa bado mbichi na zenye umande. Alikula nusu shamba bila haraka. Walipomtoa, ubavu wa kushoto ulikuwa umepanda na kupita mgongo, anahema mdomo wazi, macho yamemtoka.

Ugonjwa huo Yoakimu aliujua vizuri. Ni gesi, na dawa yake ya mwisho ni kisu: unapima vidole kutoka kwenye nyonga, unatoboa palepale, hewa inatoka, ng'ombe anapona. Ng'ombe wa Sulle alimtoboa hivyo miaka mitatu nyuma, na mpaka leo anatembea na kovu lake. Alikimbia ndani akaleta kisu. Akapima vidole. Akaweka kidole mahali penyewe, akapasikia pamekaza kama ngoma.

Mkono ukakataa. Sulle alimjua, wamekaa pamoja, wamezikiana, ukimharibia ng'ombe wake unamwendea uso kwa uso mnayamaliza. Serikali hakuwahi kukaa nayo. Ng'ombe akifa na tundu la kisu kwenye ngozi, ataanzia wapi kuieleza?

"Mwiteni Evarist," alisema.

Evarist alikuja mbio, akatazama tumbo, akatoa kalamu.

"Toboa!" Bernadina alipiga kelele.

"Si ng'ombe wangu, Mama Tadei."

"Toboa, halafu ukaombe radhi!"

"Ngoja kibali."

Barua ya kuomba kibali cha kutoboa dume iliandikwa vizuri sana, na kumbukumbu namba juu. Sulle aliichukua kwa baiskeli. Hajapita hata kanisa, Mheshimiwa alipiga magoti, akalala ubavu, akafa. Yoakimu alibaki amesimama na kisu mkononi. Kilikuwa safi, hakina hata tone, na alipokitazama alilia kama mtoto mbele ya watu wote.

Walimchuna. Nyama yote ile nzuri ilifukiwa shimoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kibali cha kuila, na watu wazima walisimama kando ya shimo wakimeza mate. Ngozi ilitiwa chumvi, ikakauka, haina tundu wala alama. Yoakimu aliikunja, akaiweka begani, akaenda Katesh kumtafuta mwenye ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alisema Kissa, na alipoisikia habari alihuzunika kweli. Lakini Yoakimu alipoitandika ngozi sakafuni, alirudi nyuma. "Pole sana mzee wangu. Ila hii siwezi kuipokea. Si yetu. Dume lilikuwa lenu."

Yoakimu alitabasamu kwa adabu na kungoja. Adabu ina mahali pake, lakini mbele ya ngozi huwa inawekwa kando, watu wanasema ukweli. Kissa alimpa maji ya kunywa, akamsaidia kuikunja.

Hivyo ndivyo Yoakimu, akiwa na miaka hamsini na nane, alivyokataliwa ngozi kwa mara ya kwanza. Habari ilitangulia kufika kijijini kabla yake. Kesho yake alfajiri Sulle alikuwa mlangoni.

"Nimekuja kumchukua yule ng'ombe," alisema akitazama chini. "Watoto wanataka maziwa."

Watoto wa Sulle wote walikuwa wameoa na kuolewa. Yoakimu alimfungulia zizi. Baada ya Sulle alikuja wa Dirma, kisha wa Balangdalalu, kila mmoja na sababu yake nzuri, na hakuna aliyeitaja ngozi. Kufika Jumapili zizini walibaki ng'ombe watatu, na mmoja wao ni yule mzee wake asiye na haya. Yoakimu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mtu anaweza kukosa shamba akaishi, anaweza kukosa hata maziwa. Lakini mtu ambaye hakuna anayemwekea ng'ombe, huko Masakta nani atamsalimia?

"Nenda Babati," alisema Bernadina. "Huko ndiko aliko mkubwa wao. Akiikataa na huyo, rudi tuitandike kitandani, tujue moja."

Alipanda lori la vitunguu, yeye na ngozi juu ya magunia, na mpaka wanafika Babati vitunguu ndivyo vilivyokuwa vinalalamika harufu. Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa imehamia wiki chache zilizopita. Maboksi ya mafaili kutoka Arusha yalikuwa yamepangwa barazani mpaka juu, na katikati ya maboksi alikaa ofisa mmoja aitwaye Rogers, mtu mpole, akitafuta kitabu cha mifugo tangu Jumatatu. Kwa bahati siku hiyo alikuwa amekipata.

Yoakimu aliitandika ngozi juu ya baraza. Rogers aliisikiliza hadithi nzima mpaka mwisho, jambo ambalo si kila ofisa angelifanya na harufu ile. Akafungua kitabu.

"Mzee, lipo hapa. Dume la mbegu, jekundu. Mwenye mali: kijiji." Akakigeuza kitabu ili Yoakimu aone. "Sisi hatulijui."

"Mwanangu, adabu hizo nazijua," alisema Yoakimu kwa uchovu. "Ziweke kando kidogo. Mimi nimeharibikiwa."

"Adabu gani?"

Yoakimu akamweleza: anayeweka ng'ombe anavyosema, na asiyeuelewa usemi ule anavyochekwa. Rogers akauliza polepole, "Kwenu huko, mtu akikataa kupokea ngozi, maana yake nini?"

"Ni moja kati ya mawili. Anasema nimemuua ng'ombe wake."

"Mimi sisemi hivyo. La pili?"

"La pili ni..." Yoakimu alimtazama Rogers, akakitazama kitabu, akaitazama ngozi. "Ng'ombe hakuwa wake."

"Basi ni hilo la pili, mzee wangu," alisema Rogers. "Kissa hakuwa anakufanyia adabu. Alikuwa anakwambia ukweli."

Yoakimu alikaa juu ya boksi la mafaili, mahali ambapo haparuhusiwi kukaa, na Rogers alimwacha. Alikumbuka barua zote za Evarist na majibu yake. Amueni wenyewe. Amueni wenyewe. Hakuna aliyekuwa anawapima. Dume lilikuwa lao mchana kweupe, mwaka mmoja na nusu, nao wamelitunza kama la mtu, mpaka wakalitunza hadi kaburini. Alijisikia kucheka na alijisikia kulia, na kwa kuwa alikuwa mgeni mahali pale hakufanya lolote.

Kisha likamjia lingine, akasimama ghafla. Kama dume lilikuwa la kijiji, basi wenye ng'ombe wapo, ni watu wa kijiji chake, na hao hawajaletewa ngozi.

Mkutano uliitishwa Alhamisi. Watu walijaa, maana kila mtu alitaka kuona uso wa aliyekataliwa mpaka mkoani. Yoakimu alikuja katikati, akaitandika ngozi, akakunja mikono mbele.

"Nimezunguka nayo Katesh na Babati," alisema. "Nilikosea mlango. Wenye ng'ombe ni ninyi. Nimeleta."

Watu waliitazama ngozi, wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumiliki kitu pamoja na watu mia mbili, na hakuna aliyejua anaanzaje. Evarist alikohoa, akatoa kalamu.

"Kwa kuwa suala ni zito," alisema, "napendekeza tuandike barua wilayani, kuomba kibali cha kuipokea."

Nyuma kabisa mtu alisimama. Alikuwa bibi Paskalina, ambaye katika mikutano yote tangu uhuru hakuwahi kufungua mdomo isipokuwa kupiga miayo.

"Mwenyekiti," alisema, "kaa."

Evarist akakaa.

"Tunaandikia nani? Si amesema wenye ng'ombe ni sisi? Basi mimi ni mmoja, na ninataka kuiona ngozi yangu." Alisogea mpaka katikati, akainama kwa tabu, akaigeuza ngozi huku na huku kama inavyopaswa. Alipitisha vidole ubavu wa kushoto. "Haina tundu."

"Haina, mama."

"Alikufa kwa kuvimba, nasikia. Ulijua dawa?"

"Nilijua."

"Kisu ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho mkononi."

"Mkono ulikuwa unakuuma?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona haina tundu?"

Yoakimu alitaka kusema kibali, lakini akaliacha neno hilo. Alitazama chini. "Niliogopa mwenye ng'ombe," alisema.

"Mwenye ng'ombe alikuwa anapiga kelele pembeni yako," alidakia Bernadina kutoka upande wa wanawake. "Na tena huyo dume akala ngwara zangu!"

Watu wakaangua kicheko, na Yoakimu mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Halafu maswali yakaanza, na hapo ndipo wengine walipojua utamu wa kuwa mwenye mali. Nani alifunga uzio ule? Kwa nini nyama ilifukiwa? Nani alisema isiliwe? Macho yalimwelekea Evarist, naye akawa anatafuta kitu ndani ya daftari. Walimhoji Yoakimu hata habari za chumvi. Alijibu moja baada ya jingine, na kila jibu lilimpunguzia mzigo kidogo.

Paskalina aliiinua ngozi kwa mikono miwili. "Nimepokea," alisema. Lakini Sulle akasema naye ni mwenye ng'ombe, lazima apokee, na nyuma yake mwingine, na ikabidi ngozi ipite mkono kwa mkono mkutano mzima, kila mtu akisema amepokea, hata wawili waliokuwa wamekuja kutoka kijiji jirani kutazama tu. Kisha wakabishana ifanyiwe nini. Wengine walitaka ngoma ya kanisa, wengine kamba za nira. Walibishana mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni wenyewe, na kamba zikashinda kwa kura kumi na moja zaidi. Hakuna aliyeomba ruhusa popote. Evarist alirudi nyumbani na karatasi zake nyeupe, mnyonge kama aliyefiwa.

Asubuhi yake Yoakimu alisikia hodi. Bibi Paskalina alikuwa nje, na kamba mkononi, na kwenye kamba yule ndama mwekundu wa Mheshimiwa, tegemeo lake la kesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kumweka kwako."

Yoakimu alipokea kamba. Alingoja adabu ifuate, yale maneno ya siku zote, lakini Paskalina alitikisa kichwa.

"Sikwambii ni wako. Ni wangu, na nyumba yangu unaijua. Akifa, ngozi utaniletea mimi, si Babati." Alimpiga ndama kofi dogo la mgongo ili aingie zizini. "Lakini akivimba, Yoakimu, usije kunitafuta. Toboa."

Alipoondoka, Yoakimu alimwingiza ndama, akaenda ndani akachukua kile kisu, akakinoa, akakining'iniza kwenye nguzo ya mlango wa zizi, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Bernadina alimwona, akaingia zake jikoni.